Kuna Mwingine wa Kumuulizia?

"Sikuja kuamkiana, Mwalimu, nimekuja kulalamika. Hicho kitabu chenu kinaniharibia mtoto!"

Mwalimu wa darasa la tano alikuwa bado na chaki vidoleni. Alimtazama mama aliyeingia bila hodi, ndala miguuni, makovu madogo ya moto yamempanda mikono hadi viwikoni, akamsogezea kiti. Kiti kikakataliwa.

"Kaa basi, mama, tuongee."

"Nikikaa nitapoa, na sikuja kupoa. Mtoto halali taa ikizimwa. Anaficha mikate chini ya godoro, mende wanafanya karamu. Jana nimemwita tu, karuka kama nimemchapa. Mimi! Mkono wangu haujamgusa tangu mama yake afe. Sasa ananitazama kama mchawi, na yote kwa sababu ya huyo yatima wenu wa kitabuni anayelala juu ya kamba."

"Ni hadithi, mama. Ya zamani sana. Darasa zima wanaisoma."

"Darasa zima wana mama zao."

Mwalimu alikuwa kijana, na hilo lilimpata. Akafuta chaki kwenye sketi, akaichafua.

"Mimi nilidhani kitamfaa yeye kuliko wengine," akasema. "Mtoto kama yeye ataona wapi habari zake?"

"Habari zake ziko kwangu chumbani! Huyo wa kitabuni alikufa kabla babu yangu hajazaliwa, na njaa yake ikazikwa naye. Siku hizi kuna ofisi, kuna wafadhili, kuna watu wema. Nyinyi mnamtisha mtoto kwa watu waliokwisha kuoza."

"Umekisoma?"

"Mimi napiga pasi."

"Basi akusomee wewe ukipiga pasi. Ukiona ubaya, njoo unioneshe ukurasa, nitakifungia kabatini mbele ya macho yako."

"Nitakuja," akasema mama yule, akageuka. "Na huo ukurasa nitakuletea umeshachanwa."

Mtaani aliitwa Mama Pasi, na jina hilo lilikuwa limemeza lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na chumba kimoja: kitanda, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba ya kutundikia nguo kutoka ukuta huu hadi ule, na pasi ya mkaa ambayo mtu mzima akiibeba mara ya kwanza huiweka chini haraka na kucheka kwa aibu. Kazi aliijua. Aliipima pasi kwa kidole kilicholowa: ikinong'ona ni ya nguo laini, ikifoka ni ya kitambaa kizito. Ukosi kwanza, kisha mabega, mikono, mgongo, na mbele mwisho, maana mbele ndiko watu wanakotazama. Wateja walimwogopa kidogo. Ukimletea shati lenye jasho alikuuliza mbele za watu kama umelivaa wewe au punda wako.

Mdogo wake alipofariki, mtoto aliletwa na mfuko mmoja wa nguo na mdomo usiokauka. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mtoto aliuliza, akajibiwa, akauliza tena jibu lile lile kwa upande wa pili, na Mama Pasi akambandika jina la Chiriku. Alilalamika juu ya kelele zake kwa kila aliyepita. Siku mtoto alipougua koo akanyamaza, Mama Pasi ndiye aliyekosa usingizi.

Lakini hasira aliyoipeleka shuleni ilikuwa na mzizi ambao hakumwonesha Mwalimu. Mzizi wenyewe ulikuwa woga.

Moshi wa mkaa ulikuwa umemwingia kifuani. Kikohozi kilikuja kama mgeni, kikaomba mahali pa kukaa, sasa kilikuwa mwenyeji. Daktari wa zahanati alimwambia aache mkaa, naye akamwuliza daktari kama yeye angeweza kuacha mshahara. Akitembea kurudi nyumbani siku hiyo hakucheka. Alisikia kifua chake kikipiga mluzi na akawaza jambo moja tu: nikianguka, huyu mtoto anakwenda kwa nani?

Hapo ndipo alipoingia Bwana Marashi.

Alikuja kama mteja, mashati meupe tupu, na harufu yake ilifika mlangoni kabla yake. Alilipa bila kubishana. Alikuwa na sauti laini na subira ya kusikiliza kikohozi hadi kiishe. Alisema anafanya kazi na nyumba moja ya kulelea watoto, mji wa mbali, ambako yatima wanasoma, wanakula, wanalala kitandani kila mtu na chake.

"Unabeba mzigo peke yako, dada," alimwambia. "Hivi mtoto ana mwingine wa kumuulizia? Mjomba? Bibi?"

"Hana. Ni mimi tu."

"Basi mambo ni mepesi."

Wakakubaliana Jumamosi. Atakuja na gari asubuhi. "Na asibebe kitu," akasema Bwana Marashi, "kila kitu kipo huko." Mama Pasi alishukuru hadi akaona haya. Mtoto hakuambiwa. Alijisemea atamwambia Ijumaa, ili alie siku moja tu.

Ilikuwa Jumatano aliporudi kutoka kugombana na Mwalimu. Akapuliza mkaa, akatandaza shati la kwanza mezani, akamwita Chiriku.

"Lete hicho kitabu. Soma kwa sauti, nisikie kinachokunyima usingizi."

Chiriku alisimama penye mwanga wa dirisha. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kila mtu: bibi akawa bibi, mbwa akawa mbwa. Hadithi ilikuwa ya nchi ya baridi. Mtoto aliyefiwa na wazazi analelewa na shangazi yake, mwoshaji wa chupa, mwenye mikono iliyopasuka kwa maji. Mama Pasi alikuwa amejiandaa kumchukia shangazi huyo, lakini mwanamke mwenyewe alikuwa na adabu zake, alichoka, alikemea, alimfunika mtoto shuka usiku. Mama Pasi akanyunyiza maji kwenye mgongo wa shati. Sasa ubaya uko wapi?

"Halafu anakuja yule bwana mwenye vifungo vya fedha," Chiriku akasema bila kutazama kitabu.

"Wewe soma, usinihadithie."

Chiriku akasoma. Yule bwana alikuja jioni, akavua kofia, akakaa kwenye kibao kana kwamba ni kiti cha enzi. Alisifu chupa zilivyong'aa. Alimpa pole shangazi kwa mzigo wake. Kisha akauliza: *Na mtoto huyu, bibi, kuna mwingine wa kumuulizia?* Shangazi akajibu hakuna. *Basi tumemaliza. Asichukue kitu, hata kijiko. Huko aendako kila kitu kipo.* Na shangazi akaibusu mikono ya yule bwana, maana hakujua kwamba huko ni kwenye kiwanda cha kamba, ambako watoto husokota katani hadi vidole vinatoka damu, na wakichoka hulala hapo hapo juu ya mafungu, na hakuna anayewatafuta kwa sababu…

"Mamkubwa! Moshi!"

Pasi ilikuwa imesimama. Mkono wa Mama Pasi ulikuwa juu yake, na yeye mwenyewe alikuwa mahali pengine kabisa. Alipoinyanyua, alama ilikuwa pale mgongoni mwa shati, ya kahawia, ncha na yote, kama unyayo wa mnyama. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Akageuza ukosi atazame ni la nani, ingawa pua ilikwisha kumwambia. Marashi yalikuwa yakipanda pamoja na moshi.

"Ni la yule bwana?" Chiriku akauliza.

"Ni lake."

Mtoto akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Na mimi aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Kama nina mjomba. Ile siku ulipokwenda kununua mkaa. Nikasema sina. Akasema nisikuambie kwamba tumeongea."

Mama Pasi akaizunguka meza, akamkaribia.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Kwa sababu shangazi wa kitabuni aliambiwa, na hakusikia." Chiriku aliinamisha kichwa. "Ile mikate siyo ya njaa, Mamkubwa. Yule mtoto alitoroka kiwandani lakini hakuwa na chakula, njaa ikamrudisha. Mimi nilisema nikitoroka, nitakuwa nacho."

Mama Pasi aliondoa pasi mezani akaiweka juu ya tofali, taratibu, kama mtu anayeweka chini yai.

Mtu mzima haachi shauri lake kwa ajili ya karatasi, hata ikimtisha. Alijiambia huenda ni maneno yamefanana tu. Watu wema na watu wabaya wote wanasema karibu, wote wanasema pole. Kwa hiyo kesho yake alivuka barabara hadi kwa muuza nyanya, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba mtoto wa marehemu shemeji yake alichukuliwa na Bwana Marashi mwaka uliopita. Mama Nyanya mwenyewe alikuwa akilisifu jambo hilo kwa kila mteja.

"Shoga, kijana wako huko shuleni anaendeleaje?"

"Ah, mzima tu! Anasoma." Mama Nyanya alikuwa akipanga nyanya mafungu, kubwa mbele, zilizopondeka nyuma.

"Unaongea naye?"

"Hawaruhusiwi simu. Wanasoma."

"Umewahi kwenda kumwona?"

"Ni mbali, shoga. Nauli yenyewe unaijua."

"Shule inaitwaje?"

Mkono wa Mama Nyanya ukasita juu ya fungu. "Alinitajia. Limenitoka."

"Alibeba nini alipoondoka?"

"Hakubeba kitu. Alisema kila…" Nyanya iliyokuwa mkononi mwake ikaanza kutoa maji katikati ya vidole, na hakuiona. Kisha akainua uso, na uso ule Mama Pasi angependa asingeuona. Haukuwa uso wa mtu anayesikia jambo jipya. "Unanunua au hununui?" akasema Mama Nyanya. "Kama hununui, niondokee hapo, unanizibia wateja."

Mama Pasi akaondoka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Bwana Marashi alikuwa ametembea mtaa wao nyumba kwa nyumba.

Ijumaa alikuja kuchukua mashati. Chiriku aliinusa harufu kabla ya hodi, akaingia chini ya meza, nyuma ya blanketi lililoning'inia.

"Dada yangu! Mashati tayari?"

"Yapo. Moja nimekuunguzia. Nitalipa."

Akalipokea, akalitandaza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye kingo za alama ile, polepole, kuizunguka yote. Alitabasamu muda wote.

"Wewe, Mama Pasi? Kuunguza?"

"Nilipitiwa."

"Usihangaike. Hili shati si la hapa, hulipati popote. Lakini sisi ni watu wa kusameheana. Kesho mtoto akishapanda gari, deni limekufa."

"Na asipopanda?"

Mdomo wake uliendelea kutabasamu. Macho ndiyo yaliyoacha. "Kwa nini asipande, dada? Tulipeana neno. Mimi nimeshamsemea huko mbele, wanamsubiri. Ukimwangusha mtu anayesubiri, anakuja mwenyewe." Akalitundika shati bovu kwenye kamba, akalinyoosha mabega kama anamvisha mtu. Kisha akainama, mkono mmoja juu ya meza, akainua ncha ya blanketi. "Hujambo, mtoto mzuri."

Chiriku, ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha, hakujibu.

Bwana Marashi alipoondoka, Mama Pasi alifunga mlango, akasukuma kitanda mlangoni, akakaa juu yake. Kwenda ofisi ya mtaa aseme nini? Kwamba kuna mtu amempa pole? Kwamba maneno yake yameandikwa kwenye kitabu? Wangemcheka, na kesho yake gari lingekuja vilevile. Kilichomtisha zaidi ya gari ni lile shati kwenye kamba. Alikuwa amempa mtu yule haki ya kurudi. Anayekudai ana mlango kwako, atabisha siku anayotaka, na kila mara atauliza mtoto yuko wapi.

Jumamosi, jua halijachomoza vizuri, alibisha hodi nyumbani kwa Mwalimu. Safari hii alibisha.

Mwalimu alifungua akiwa na mswaki mkononi. "Mama! Umeleta ukurasa?"

"Nimeleta mtoto. Akae na wewe leo, mlango ukiwa na komeo. Mtu yeyote mwenye sauti laini asifunguliwe."

Mwalimu akamtazama Chiriku, akamtazama mama, akaushusha mswaki. "Kama yule bwana wa vifungo?"

"Kama yeye," Mama Pasi akasema, na ilimuuma kama kung'olewa jino. "Nenda ndani, Chiriku. Usimmalize Mwalimu kwa maswali."

Kutoka hapo akaenda kwa muuza mitumba, aliyekuwa bado anafungua marobota. Chini ya kwapa alikuwa na gauni lake la buluu, lenye kola ya lesi, alilolivaa mara chache sana na kulitunza kama mboni ya jicho.

"Nipe shati jeupe, jipya machoni, ukosi mkubwa. Chukua hili."

Muuza mitumba akalishika gauni, akapiga mluzi. "Mama Pasi, hili linazidi shati moja. Chukua mawili. Au kuna mchumba?"

"Nipe moja na unyamaze. Na gari jeupe la Bwana Marashi likija mtaani, acha marobota yako, usimame nje. Huhitaji kusema kitu. Simama tu, uonekane."

Kijana aliutazama uso wake, akaacha utani.

Akarudi, akalifua shati, akalikausha kwa pasi. Aliogopa sana, na kwa sababu hiyo hakuruka kitu: ukosi, mabega, mikono hadi penye vifungo, mgongo bila kijikunjo. Bwana Marashi asije akapata la kusema.

Gari lilikuja wakati watu wanafungua maduka. Bwana Marashi alishuka peke yake. Mwingine alibaki kwenye usukani, injini ikinguruma.

"Mtoto yuko tayari?"

"Hayupo." Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa, akaisema tena. "Hayupo. Yuko kwa watu wake."

"Uliniambia hana watu."

"Nilikosea."

Akasogea karibu, na marashi yakajaa chumba. "Dada, usinichezee," akasema kwa ile sauti ya kubembeleza. "Hapa unapolala napajua. Shuleni kwake napajua. Njia anayopita, na saa anayopita. Na unanidhania ubaya, lakini wewe ndiye unayedaiwa."

Mama Pasi alihisi mkojo unamtafuta. Aliona kwa pembe ya jicho muuza mitumba amesimama nje, na msukuma toroli, na mama mwenye nyumba akiwa na ufagio, wote wakiwa hawajui wanatazama nini. Halafu Mama Nyanya akavuka barabara. Hakuwa amefunga hata kilemba. Alipita kando ya gari, akaja hadi mlangoni.

"Wangu yuko wapi?" akamwuliza Bwana Marashi.

"Shikamoo, mama. Anasoma, mzima kabisa."

"Shikamoo yako kaa nayo. Shule gani?"

"Si nilikutajia?"

"Nitajie tena, hawa wote wasikie. Mpigie mwalimu wake simu. Nataka kusikia sauti yake sasa hivi, hata akikohoa nitamjua."

Bwana Marashi aligeuka kutazama nje, na kwa mara ya kwanza Mama Pasi alimwona akihesabu watu. Wenye ufagio, wenye toroli, wenye ndoo. Walikuwa wameongezeka.

"Naona leo mmeamka vibaya," akasema. "Nipe shati langu, niende."

Bila shaka alidhani Mama Pasi hana la kumpa. Alidhani ataondoka na deni mkononi, arudi nalo siku nyingine watu wakiwa wamesahau. Mama Pasi alilitwaa mezani lile jeupe la mitumba akampa, likiwa limekunjwa, ukosi umesimama. Akalikunjua. Akatazama kipimo shingoni, akatazama mishono, akaligeuza nje ndani. Hakupata kitu.

"Dawa ya deni kulipa," Mama Pasi akasema. "Sema hapa mbele za watu. Unanidai?"

Injini ikanguruma.

"Unanidai, au hunidai?"

"Sikudai," akasema Bwana Marashi, hakutabasamu, akapita mlangoni na shati lake.

Mama Pasi akaenda hadi mlangoni. Kifua kilipiga mluzi. Nje, gari halikuwa limeondoka, kwa sababu Mama Nyanya alikuwa amekaa chini mbele yake, kwenye vumbi, akiliita jina la mtoto wa shemeji yake kwa sauti kubwa, na msukuma toroli alikuwa anakuja kukaa karibu yake.